Uzamivu ni kazi, uombe kama kazi

Kila ikifika Oktoba, magrupu ya WhatsApp ya wahitimu wetu hufurika viungo vya "ufadhili kamili". Vingi vimepitwa na muda, vingine ni vya mawakala wanaodai hela ya fomu. Inauma, maana wiki hizohizo nafasi za kweli za sayansi na uhandisi zinafunguliwa na kufungwa watu wetu hawana habari.

Tunakosea pa kutafuta. Sweden, Norway na Uholanzi, anayesoma uzamivu (PhD) kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mkataba, mshahara na likizo, wala halipi ada. Ukiandika "skolashipu" kwenye Google huzioni nafasi hizo, kwa sababu hutangazwa kama ajira: AcademicTransfer kwa Uholanzi, Jobbnorge kwa Norway, EURAXESS kwa Ulaya yote, na kurasa za ajira za vyuo vyenyewe. Tangazo hukaa wiki chache tu, kwa hiyo jisajili upate arifa kwa jina la fani yako. Ujerumani utakuta TV-L E13, yaani ngazi ya mshahara wa watumishi wa majimbo, ikifuatwa na asilimia ya ajira kamili utakayolipwa. Uhandisi mara nyingi ni 100. Kemia na biolojia huweza kushuka hadi 65 au hata 50. Asilimia hiyo ndiyo kodi yako ya nyumba, isome.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, ijibu sifa walizotaja moja baada ya nyingine. "Nina ari kubwa ya kujifunza" haimwambii msimamizi chochote. "Nilichuja floraidi katika maji ya Arusha kwa mkaa wa mifupa, nikapima kwa elektrodi kabla na baada" inamwonyesha mtu anayejua maabara. Barua ileile ukiituma kwa maprofesa hamsini, hamsini wote wataitambua.

Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ina sharti linalowaangusha wengi: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi husika zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Aliyetoka kumaliza umahiri (master's) wa miaka miwili Ujerumani aombe Uholanzi au Ufaransa. Aliyeko Dar yuko huru kuomba popote.

Marekani unaomba kwa idara ya chuo, shahada ya kwanza mara nyingi inatosha, na milango mingi hufungwa Desemba. Omba msamaha wa ada ya maombi kabla hujalipa. Uingereza, ukiona "self-funded", jua mfuko ni wako.

Nakubali, si kila mtu anaweza kuacha familia akaenda mbali. Basi fuatilia icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, na RSIF, mfuko wa ufadhili wa uzamivu wa PASET (ushirika wa serikali za Afrika), unaosimamiwa hapohapo. Akina dada waitazame OWSD, shirika la kimataifa la wanasayansi wanawake, iliyowafadhili wanasayansi wanawake kusoma uzamivu katika nchi nyingine zinazoendelea.

Na wakala akikudai hela ili akuombee nafasi ya ajira Uholanzi au Sweden, mkatalie. Fomu hiyo unaijaza mwenyewe, bure, kwenye tovuti ya chuo.