Elden Ring na gharama ya ukimya

Mlango unafunguka, mwanga unamwagika, na mbele yako kuna nchi nzima ya Limgrave, mwanzo wa gemu ya Elden Ring: nyasi zinazoyumba, magofu ya kanisa, na kwa mbali mti wa dhahabu ulioizidi milima kwa urefu. Hujaenda mbali unamwona askari aliyevaa dhahabu, juu ya farasi aliyevaa dhahabu, akizunguka polepole njiani. Hakuna maandishi yanayokwambia umpige wala umkwepe. Wengi humvamia, maana gemu nyingine zimewazoesha kwamba adui wa kwanza ni wa mazoezi, na wanakufa kwa mapigo mawili. Wanarudi, wanakufa tena. Mpaka mtu anagundua kwamba njia si moja: angeweza kupita mbali naye, akajificha vichakani, akaenda zake na kumrudia siku akiwa na nguvu.

Gemu hiyo ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Imetengenezwa na FromSoftware ya Japani chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na historia ya kale ya ulimwengu wake iliandikwa na mwandishi wa riwaya George R. R. Martin. Katika muda usiotimia wiki tatu zilitoka nakala milioni 12, na Desemba ya mwaka huo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Tangu hapo imekuwa kipimo. Kila gemu mpya ya upanga na uchawi inawekwa mizani moja nayo.

Ubishi juu yake karibu kila mara ni wa ugumu. Huyu anasema ni ngumu kupita kiasi, yule anamjibu akajifunze kucheza. Kwangu ubishi huo umelenga pasipo. Kinachostahili kupimwa ni ukimya wa Elden Ring, kwa sababu inanyamaza kwa namna mbili. Ukimya wa nchi yake ni kipaji ambacho sijakiona kwingine. Ukimya wa watu wake ni kasoro. Sisi tunaoipenda tumezoea kuusifu wote kwa jina moja la "siri", na hapo hatuitendei haki.

Nianze na nchi. Ramani inaanza ikiwa tupu. Vipande vyake unaviokota mwenyewe kwenye nguzo za mawe kandokando ya barabara, na hata ukishavipata, haijai alama za kazi ulizobakiza. Kuna miali hafifu ya dhahabu inayotoka kwenye vituo vya kupumzikia ikielekeza upande wa safari kuu, basi. Kwenye msitu ulio mashariki mwa Limgrave kuna jengo dogo la mawe lenye lifti. Unapanda, inashuka. Inaendelea kushuka. Inashuka mpaka unaanza kushuku kwamba kuna kitu kimekwama, kisha ukuta unaisha na unajikuta chini ya anga la usiku lenye nyota, huko huko ndani ya ardhi, na mto Siofra unapita kati ya magofu. Hakuna mhusika aliyekutuma wala zawadi uliyoahidiwa. Ungewekewa alama kwenye ramani tangu mwanzo ungefika vilevile, lakini ungefika kama mtu anayepeleka kifurushi.

Tena ukimya huo haukubembelezi. Hapo hapo Limgrave kuna sanduku kwenye magofu ambalo ukilifungua linatoa moshi na kukutupa ndani ya mgodi wa Caelid, nchi nyekundu iliyooza, katikati ya maadui waliokuzidi mbali. Kurudi huwezi mpaka utafute mlango kwa miguu yako. Ukitoka nje na kuona lile anga jekundu, umejua dunia hii ni kubwa kiasi gani kuliko ambavyo ungejua kwa maelezo ya saa nzima.

Na ndiyo sababu siuoni ugumu kuwa doa. Kweli, hakuna pa kuchagua kati ya rahisi na ngumu. Lakini Margit, adui mkali wa mwanzoni, akikukatalia kupita kwenye lango la ngome ya Stormveil, kusini kuna rasi nzima ya kwenda kukomaa. Unapandisha levo, unanoa silaha, unaokota majivu ya mizimu inayokuja kupigana upande wako, unaita mchezaji mwingine aliyeko upande mwingine wa dunia. Ugumu unaupunguza kwa kutembea. Ninachokubaliana na wakosoaji ni hiki: mtu mwenye ulemavu wa mkono au wa macho hasaidiwi na kutembea, na kwake mipangilio michache ya hiari ingemfungulia mlango bila kumpunguzia mwingine chochote. Halafu gemu haina kitufe cha kawaida cha kuisimamisha kwa muda, hata ukiwa peke yako bila intaneti. Mtoto akilia au mgeni akipiga hodi, joka haliko tayari kukusubiri. Hilo siwezi kulitetea kwa hoja yoyote ya sanaa.

Sasa watu. Pembezoni mwa njia unasikia sauti ikiomba msaada, na hakuna mtu. Ukikipiga kichaka fulani kinageuka kuwa Boc, kiumbe mdogo anayedharauliwa hata na jamaa zake, mshonaji kama mama yake alivyokuwa. Mama huyo ndiye pekee aliyewahi kumwambia kwamba ni mzuri. Baadaye sana Boc anakujia akitaka kuzaliwa upya awe na sura ya binadamu. Ukimpa anachohitaji, anabadilika, na kubadilika huko kunamuua. Njia ya kumwokoa ipo: kuna kichwa cha udongo, kimefichwa mbali kabisa na alipo, kinachotamka kwamba wewe ni mzuri. Ukikitumia karibu naye anaisikia sauti ya mama yake na anaridhika na alivyo.

Kwa maoni yangu hicho ni kisa bora kuliko vyote vilivyomo. Lakini hakuna neno linaloviunganisha vitu hivyo viwili. Mchezaji wa kawaida atamkuta Boc amekufa na hatajua kwamba kulikuwa na njia nyingine, wala kwamba kosa ni lake. Nchi inaponyamaza, miguu yako inaweza kuuvunja ukimya huo. Mtu anaponyamaza kuhusu jambo linalopotea usipolifanya, huna pa kushika.

Mfano wa Ranni, mhusika mwingine, uko wazi zaidi. Mkondo wa kisa chake unaongoza kwenye mwisho mmojawapo unaopendwa sana, na sehemu moja unaokota mwanasesere mdogo na unatakiwa kuzungumza naye kwenye kituo cha kupumzikia. Unamsemesha, kimya. Unamsemesha tena, kimya. Mara ya tatu ndipo anajibu. Nani mwenye akili timamu angeendelea kukisemesha kitu kisichojibu, bila mtu kumwambia? Wenye gemu nao waliliona tatizo: mwezi Machi 2022, wiki chache tu baada ya kutoka, waliongeza alama za kuonyesha kwenye ramani wahusika uliokwisha kukutana nao. Mpaka hapo watu hao walikuwa wanahama bila kuaga.

Yapo mahali ukimya wa watu unafaulu, nisiwe mchoyo. Radahn ni jitu la kutisha juu ya farasi aliyekonda ambaye ungedhani hawezi kumbeba hata mtoto. Ukimwona unashangaa. Ukishamuua, na ni hapo tu, unapata kumbukumbu yake na unasoma kwamba alipokuwa kijana alijifunza uchawi wa nguvu ya mvutano wa ardhi ili asilazimike kumwacha farasi wake ampendaye. Sentensi moja, imechelewa makusudi, na inauma. Ila imewekwa mkononi mwako.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna tabaka jingine. Sauti zote za Elden Ring ni za Kiingereza, tena kile cha kizamani, na maandishi yametafsiriwa kwa lugha zaidi ya kumi bila hata moja ya Kiafrika. Hadithi yenyewe imetawanywa kwenye maelezo ya pete, panga na kofia. Kijana aliyejifunza Kiingereza darasani anafumbua lugha kwanza, ndipo afikie fumbo. Wala haiwezekani kusema kwamba Kiswahili hakiingii kwenye gemu: Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka 2024 chini ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, inachezwa kwa Kiswahili, sauti na maandishi. Ni gemu ndogo mno ukiilinganisha na hii, na iliweza. Na kwenye mabanda yetu ya gemu, ambako unalipia mechi moja ya mpira na kumpisha mwingine, safari ya saa 60 haina nafasi. Kwa hiyo wengi wanaijua Elden Ring kwa kutazama video, bando likiruhusu, na anayetazama video ameshasimuliwa kila kitu ambacho nchi ile ilitaka akigundue.

Theluthi ya mwisho inachosha, na sina mengi juu yake. Milima ya majitu ni theluji pana yenye vitu vichache, maadui wanapiga kupita kiasi, na mapango yanaanza kufanana. Hata kabla ya hapo, Godrick, adui mkuu uliyemuua Stormveil, anarudi kwa jina la Godefroy na mwili uleule. Ukishajua kwamba chini ya pango kuna bosi, yaani adui mkuu wa mahali, uliyemzoea, ukimya wa nchi nao unaisha nguvu, kwa sababu hauna tena unachokificha. Toleo la kompyuta lilikwamakwama sana siku za mwanzo.

Nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, ilitoka tarehe 21 Juni 2024. Nchi yake ni finyu zaidi lakini imepangwa juu kwa chini kwa ustadi mkubwa kuliko ile ya mwanzo. Huko unakutana na kundi la watu wanaomfuata mhusika aitwaye Miquella, kila mmoja na sababu yake, na mwanzoni wanaelewana kwa namna ya ajabu. Kisha, ukivuka eneo fulani bila kujua, yanatokea maandishi kwenye skrini: mahali fulani runi kuu (alama yenye nguvu ya kichawi) imevunjika, na pamoja nayo uchawi mkubwa. Hakuna mshale wala orodha ya kazi. Nilisimama, nikageuza farasi, nikarudi kuwatafuta mmoja mmoja, na nikawakuta wameanza kutazamana kwa macho mengine.