Ligi ya kinga (baiskeli) ya intaneti: tuipande chumba kimoja Lubumbashi, si kila mtu gereji yake

Huku Ubelgiji ligi ya baiskeli ya intaneti ni dawa ya baridi. Mwezi wa kumi na mbili giza linaingia kabla ya saa 17, barabara ina utelezi, mtu anafunga baiskeli gerejini juu ya mashine inayopeleka nguvu za miguu yake kwenye mbio ya skrini, anavaa vipokea sauti na kushindana bega kwa bega na wenzake watano ambao hajawahi kuwashika mkono. Lubumbashi hakuna baridi ya namna hiyo, ndiyo maana ndugu wengi wanasema mchezo huu ni wa watu wa Bulaya. Mimi nakataa. Naona unatufaa sisi kuliko wao, ila tuupange kwa desturi yetu: timu nzima chumba kimoja, vifaa kwa likelemba (kuchanga pesa kwa zamu).

Miguu tunayo. Simama asubuhi kwenye barabara ya Kasenga, utazame kinga zinazoingiza makala (mkaa) mjini. Magunia yamefungwa kwa kamba za mpira hadi yanapita kichwa cha mwenye kinga, fremu imeongezewa vyuma, na penye mwinuko anashuka na kusukuma, kifua kimelala juu ya gunia. Sijasikia mtu aliyewahi kuipima nguvu kama hiyo. Huku kijana wa miaka kumi na saba anajua wati zake, yaani nguvu ya kukanyaga, za dakika tano, za dakika ishirini, na amegawanya kwa kilo zake. Wa kwetu hana namba hata moja ya kuonyesha, na bila namba hakuna kocha wa mbali atakayemwangalia. Ligi inakupa namba hiyo kila wiki, mbele ya watu wa nchi nyingi. Tukumbuke kwamba mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli ya intaneti ya UCI (shirikisho la baiskeli la dunia), Desemba 2020 kwenye programu ya Zwift, upande wa wanawake yalichukuliwa na Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yamefanyika Kigali, kwa majirani zetu.

Ligi ya timu inayojulikana zaidi ni Zwift Racing League. Mbio ni za Jumanne, msimu huanza Septemba, na timu hupangwa kwa eneo la saa. Sisi tunaingia kundi la Ulaya na Afrika. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Brussels wakati wa baridi yao, na wakati wa joto lao saa zinalingana. Kwa hiyo mbio ya saa 19 ya Brussels mwezi wa kwanza ni saa 20 kwetu. Timu mpya huchanganyikiwa kwa sababu hii hii: mwisho wa Oktoba Bulaya wanarudisha saa nyuma, sisi hatugusi kitu, halafu watu wanafika mapema na kusubiri saa nzima.

Wanaoanza mbio ni sita kwa wingi, na kapteni ndiye anayeandikisha timu na kuchagua majina kila wiki. Wiki nyingine ni mbio ya pointi: unapata kwa nafasi ya mwisho, na pia kwa kupita vipande fulani vya njia kwa haraka au kabla ya wengine. Kwa hiyo mtu anayechoka mapema lakini anajua kuruka sekunde arobaini bado analetea timu chakula. Wiki nyingine ni mbio ya saa ya timu, yaani timu nzima inashindana na saa, na hapo saa inasimama mpandaji wa nne anapovuka mstari. Hapa chumba kimoja kinashinda gereji sita. Nitarudi kwenye hilo.

Ngazi ni A, B, C na D. Mgawanyo wa zamani, ambao bado unasaidia kukadiria, ulikuwa wati kwa kilo: 4.0 na zaidi A, 3.2 hadi 4.0 B, 2.5 hadi 3.2 C, chini ya hapo D. Kipimo rahisi: kanyaga dakika 20 kwa nguvu zako zote, chukua wastani, zidisha kwa 0.95, gawa kwa kilo zako. Kwa mgawanyo huo mtu wa kilo 62 anagusa mlango wa B kwa wati 198 hivi, na wa kilo 85 anahitaji 272. Msifurahi haraka. Kwenye njia tambarare wati zenyewe ndizo zinazosukuma, na yule wa kilo 85 atawaacha wembamba wetu wakihema. Kwenye milima mizani inageuka. Kapteni asome njia ya wiki kabla ya kuchagua watu.

Kipimo kifanyike Lubumbashi. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na wati za mapafu hupungua kidogo ukilinganisha na Antwerpen. Programu haikufidii hicho. Kilo pia ziandikwe za kweli, kwa mzani, si za kukumbuka. Kupunguza kilo tatu kwenye simu ni wizi, na timu ikikamatwa inapoteza jina kabla haijalipata. Jambo lingine linalovunja timu katikati ya msimu ni kijana wa C anayeendelea vizuri mpaka programu yenyewe inampandisha B. Tangu siku hiyo hawezi kupandia timu yake. Wekeni majina mawili ya akiba.

Sasa mashine. Inayofaa ni ile unayotoa gurudumu la nyuma na kufunga baiskeli juu yake. Ile ya bei ndogo, ambapo tairi linasugua rola na programu inakisia wati, ligi haikubali matokeo yake. KICKR Core, mojawapo ya mashine hizo zinazofaa, ina kosa la asilimia 2 juu au chini, yaani wati 5 kwenye 250, na inatosha. Uzito wake ni kilo 18, hivyo inaingia kwenye sanduku la kilo 23 la ndege. Ndugu anayekuja likizo anaweza kuleta moja kama amebeba nguo chache. Kila mpandaji anahitaji pia mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, kwa kuwa ligi inadai data hiyo.

Kinga ya makala haifungiki hapo. Ina nati badala ya ekseli ya kuchomoa, upana wa nyuma ni mdogo, na gia ni moja. Inahitajika baiskeli ya barabara au ya mlima yenye nafasi ya milimita 130 au 135 nyuma, au ekseli nene ya 142. Idadi ya gia za kaseti ya mashine (lile rundo la magurudumu ya meno) ifuate gia za baiskeli. Ukiweka kaseti ya gia 8, 9 au 10 kwenye kitovu cha gia 11, tia kwanza pete ya milimita 1.85, la sivyo kaseti inacheza na gia zinaruka. Baada ya kufunga, kanyaga dakika kumi mashine ipate moto, halafu fanya urekebishaji: ongeza kasi mpaka ifike 37 km/h hivi, acha kukanyaga, iache isimame yenyewe. Ukiirekebisha ikiwa baridi, wati zitadanganya mbio nzima.

Umeme ndio maswali yote ya wazee wangu, na wana haki. Mashine moja haili zaidi ya wati 60, feni 60, kompyuta 90. Mara sita ni wati 1,260, ongeza 10 za kisanduku cha intaneti. Grupu (jenereta) ya 2.5 kVA inabeba bila kulia. Tatizo ni ile dakika moja au mbili kati ya umeme kukatika na grupu kuwaka: mashine inazima, wati zinashuka sifuri, kundi linakuacha, na hata ukirudi huwafikii tena. Dawa ni onduleri (kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) ya VA 1,000, na humo muingize mashine sita na kisanduku cha intaneti tu. Hiyo ni wati 370. Kompyuta zina betri zake. Feni ziache zizime, mtatoka jasho kwa dakika mbili na mbio itaendelea. Kosa ninaloogopa ni watu kuchomeka kila kitu kwenye onduleri kwa sababu nafasi ipo, halafu inalia na kufa kabla grupu haijawaka. Mwenye fedha zaidi atafute mashine ya Tacx Neo 2T: inafanya kazi bila kuchomekwa kabisa, inajizalishia umeme unapokanyaga, kinachopotea ni ule msukumo wa kwenye mteremko.

Intaneti inatisha watu bure. Picha zinachorwa na kompyuta au simu yako yenyewe, mtandaoni zinapita namba tu. Hotspot ya simu iliyotulia inatosha. Mega zinaliwa na kushusha programu mara ya kwanza na kila inapobadilishwa, na hiyo ifanyike usiku kwa forfe (kifurushi) ya usiku, siku moja kabla. Asiyefanya hivyo anafungua programu Jumanne jioni na kukuta inamdai gigabaiti.

Kuna hatari moja ambayo watu wa Bulaya hawaijui kwa sababu kila mmoja yuko peke yake. Mashine sita chumba kimoja zinaonekana zote kwenye skrini zote. Ukigusa jina la jirani, yeye anakanyaga na wewe ndiye unayekwenda. Andikeni jina na namba ya kila mashine na kila mkanda wa moyo kwenye karatasi ya gundi, ibandikwe juu ya mashine yenyewe, na kila mtu akanyage peke yake kabla ya mbio, wengine wametulia, muone wati za nani zinapanda. Bluetooth ya mashine nyingi inashikwa na kifaa kimoja tu: simu iliyo mfukoni ikiwa bado imeungana na mashine kutoka kwenye urekebishaji, kompyuta haitaiona. Zimeni Bluetooth ya simu zote zisizoendesha mbio.

Mkivuka hapo, mnapata kile ambacho gereji haina. Kwenye mbio ya saa ya timu anayeongoza anakata upepo kwa sekunde 30 hadi 45 halafu anarudi nyuma. Akiwa mbele na wati 260, walio mgongoni wanakaa na chini ya 200. Huku kupokezana huko kunaamriwa kwa vipokea sauti, sauti inachelewa, mmoja hasikii, timu inakatika vipande viwili. Katika chumba kimoja kapteni anamwona mwenzake akianza kuinua mabega, anajua amekwisha kabla hajasema, na anamwambia apite zamu yake. Kwa kuwa saa ni ya mtu wa nne, wawili wenye nguvu wanaweza kujimaliza katika dakika kumi za kwanza na kuachwa. Maamuzi ya namna hiyo ni rahisi mtu akiwa ametazamwa machoni.

Fedha niseme wazi. Zwift ni dola 19.99 kwa mwezi kwa kila mtu, na akaunti haigawanywi: matokeo ni ya mwenye jina. Sita ni karibu dola 120. Huku ni pesa ya kula nje mara moja, kwetu ni unga wa nyumba kadhaa. Ndiyo maana nashauri mwezi wa tano na wa sita watu wajifunze kwenye MyWhoosh, programu nyingine ambayo ni bure na ina mbio zake, kwa mashine mbili za kupokezana. Likelemba iingize mashine moja kila duru, ibaki mali ya timu, isiwe ya aliyepokea. Sisi wa nje tulipe usajili wa kuanzia Septemba hadi mbio za mwisho, kwa kadi zetu, na kila mmoja achukue mpandaji mmoja.

Oktoba ndio mwezi mgumu, joto kabla ya mvua. Mtu anayekanyaga bila upepo anapika ndani yake, moyo unapanda huku wati zinashuka. Feni ielekezwe kifuani, si miguuni, dirisha la upande wa pili liwe wazi, chupa mbili za maji yenye chumvi kidogo, taulo juu ya usukani maana jasho linakula skrubu. Grupu ikae nje kabisa, mbali na dirisha hilo, kwa sababu moshi wake unaua.