Acheni kuyatupa majani

Kila mwaka baridi ikikaribia na miti ikianza kupukutika, nawaona watu wakihangaika na reki kwenye nyasi za uwanja wao kutwa nzima. Majani yanakusanywa, yanashindiliwa kwenye mifuko ya plastiki, yanapangwa kando ya barabara yangojee gari la taka. Kabla wiki haijaisha, watu walewale wako dukani wananunua mbolea. Inaniudhi kweli! Wametupa chakula cha nyasi zao, sasa wanakilipia.

Yapitishieni mashine ya kukatia nyasi. Subirini yakauke, pandisheni kisu hadi sentimita 7 hivi, mpite mara mbili, mara ya pili mkikatiza mlikopita kwanza. Jani linabaki vipande vya ukubwa wa kucha, navyo vinazama kati ya nyasi hadi kwenye udongo. Mvua ikinyesha, inama utazame: nyungunyungu wameshaanza kuviburuta kuviingiza matunduni mwao, na juu wameacha vijirundo vya udongo laini. Mboji inatengenezwa hapo, na hujatoa hata senti. Baridi ikiisha, utavitafuta vipande hivyo usivione.

Najua mtakalonijibu. Majani yakilala mazima na kulowa, yanashikamana yakawa kama blanketi, nyasi zinakosa mwanga, na theluji ikiyafunika ukungu unastawi chini yake. Haya, hilo ni kweli. Yakirundikana hadi nyasi zenyewe hazionekani, ondoeni yaliyozidi. Yatandazeni chini ya vichaka, au yarundikeni pembeni yaoze. Kwenye plastiki yanafuata nini?

Mbolea nayo siikatai. Nyasi za nchi za baridi huendelea kukuza mizizi hata baada ya kuacha kurefuka, kwa hiyo mbolea yenye naitrojeni kidogo kabla ardhi haijaganda huzifaa. Ukoka msiupe mbolea hiyo, maana baridi ikiingia unageuka kahawia na kulala. Vipara vya uwanjani vipandwe mbegu mapema, wiki 6 au zaidi kabla ya baridi kali. Udongo ulioshindiliwa utobolewe ungali na unyevu. Na asubuhi umande ukiwa umeganda, tafadhali, msikanyage nyasi. Zinavunjika kwa ndani na nyayo zenu zitaonekana kwa siku kadhaa.

Mwaka huu gaweni uwanja mara mbili. Upande mmoja sageni majani, wa pili endeleeni na reki mliyoizoea. Baridi ikipita, linganisheni wenyewe, kabla hamjaenda tena dukani.