Mashine ya CNC kwa karakana ya Mwanza: tuanze na kontrola, jina baadaye

Wenye karakana wa Nyakato na Igoma wakianza kuzungumzia CNC, yaani mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, mjadala huwa ni wa majina tu: Haas au Mazak? Kuna anayeipigia debe Okuma, na kuna anayetaka ya Taiwan kwa sababu ya bei. Mimi naona tunaanzia pasipo. Siku mashine imegoma na mteja wa mgodini Geita anasubiri kipuri cha pampu, jina lililobandikwa mlangoni halikusaidii kitu. Unamhitaji fundi anayeijua kontrola, yaani kompyuta inayoiongoza mashine, na spea inayopatikana.

Kontrola ya Fanuc, ya Wajapani, inafungwa kwenye mashine za kampuni nyingi, zikiwemo nyingi za Korea na Taiwan. Fundi aliyeizoea kwenye mashine moja hapotei kwenye nyingine, na bodi zake za mtumba zinauzwa sehemu nyingi. Haas ya Marekani inatumia kontrola yake yenyewe. Ni rahisi kujifunza, na kwa kijana aliyetoka VETA juzi hilo ni jambo kubwa. Lakini bodi ikiungua, huna pengine pa kubisha hodi. Okuma nao wana OSP yao, Mazak wana Mazatrol: mashine bora sana, ila uliza kwanza nani atapanda basi kuja kuitengeneza Mwanza.

Kwa mtumba wa Japani nina mawili ya kusisitiza. La kwanza ni umeme: nyingi zinataka volti 200, na njia tatu ya TANESCO ni volti 400. Transfoma iingie kwenye hesabu mapema, na stabilaiza pia. La pili ni betri. Kontrola nyingi za Fanuc hutunza parameta, yaani mipangilio ya mashine, kwa betri ndogo; mashine ikilala ghalani na kwenye kontena miezi mingi, betri ikafa, inafika ikiwa tupu, haiwezi kusogeza hata meza. Mdai muuzaji nakala ya parameta kwenye kadi kabla hujalipa. Na betri hiyo ibadilishwe mashine ikiwa imewashwa.

Angalia pia vishikio vya visu. Japani wanatumia vya aina ya BT40, Marekani CAT40. Ukiviweka mezani utadhani ni pacha, maana mchongoko wa koni ni ule ule. Lakini uzi wa nyuma wa BT ni wa milimita, M16, na wa CAT ni wa inchi. Kola zake, ule ukingo unaoshikwa na kibadilisha visu, pia zinatofautiana. Ukichanganya, kibadilisha visu hakitavishika sawasawa. Mimi ningechagua BT40 bila kusita.

Ila kuna swali linalotangulia hayo yote: kazi zako ni zipi? Kama riziki yako ni shafti za boti na bushi, hizo ni kazi za kukereza. Nunua leti ya CNC kwanza; milingi, inayochonga kwa kisu kinachozunguka, itafuata leti ikishajilipa. Inaniuma kuona mtu anachukua mkopo wa mashine itakayokaa bila kazi.

Ukienda kuikagua, beba chuma na mchoro wa kazi yako halisi. Wauzaji wazungushe spindeli, ile shafti kuu inayozunguka, mpaka ipate moto, wachonge mbele yako, kisha pima kwa maikromita yako mwenyewe.