Elimu za Siri Baada ya Ukomunisti: Majalada Yamefunguliwa, Yaaminiwe kwa Kiasi Gani?

Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika mwaka 1991, watafiti walianza kupata majalada ya polisi wa siri, na humo wakakuta historia iliyokuwa imefukiwa: vikundi vya Wanateosofia (wafuasi wa fundisho linalotafuta hekima ya siri iliyo nyuma ya dini zote), Wafrimasoni na wengine wa aina yao vilivyosakwa na kuvunjwa katika miaka ya 1920 na 1930. Tangu hapo utafiti wa esoterisimu, yaani mapokeo ya elimu za siri, umejipatia makongamano, vitabu na wahadhiri, kuanzia Moscow na St. Petersburg hadi Budapest na Belgrade.

Wapo wanaoona kwamba vyuo vikuu vinaupa ushirikina heshima usiyostahili, na hofu yao ina chimbuko. Mwaka 1989 watu wengi waliweka vyombo vya maji mbele ya televisheni ili Allan Chumak, mganga wa televisheni, ayatie nguvu ya uponyaji, na vitabu vya unajimu vikafurika sokoni muda mfupi baadaye. Hata hivyo, hoja hii haina uzito mkubwa, kwa kuwa anayechunguza imani hajawa mhubiri wake, na jamii iliyoamka ghafla ikiwa na waganga wa televisheni inahitaji watu wa kueleza walikotoka.

Hoja nzito zaidi inahusu ushahidi. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya Watempla wa Moscow, jumuiya ya siri iliyofungamana na wafuasi wa anakia, yaani wanaopinga utawala wa dola, na ambayo wanachama wake walikamatwa mwaka 1930, tumekipata kwa Andrei Nikitin, mwanaakiolojia aliyechapisha kumbukumbu za mahojiano yao. Baba yake, msanii wa michoro ya jukwaani, alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Wengine watasema mtoto hawezi kuwa mwamuzi wa kesi ya baba yake. Mimi naona kwamba bila uchungu huo huenda nyaraka zile zingebaki rafuni. Tatizo liko kwingine: maswali yaliulizwa na polisi, majibu yakaandikwa na polisi, na aliyejibu alikuwa akitafuta namna ya kunusurika.

Mfano wa Alexander Barchenko, mwandishi na mtafuta elimu za siri, unaonyesha hatari hiyo vizuri. Yeye na mtetezi wake mkuu, Gleb Bokii, afisa wa ngazi ya juu wa polisi wa siri hao hao, walipigwa risasi, Bokii mwaka 1937 na Barchenko mwaka uliofuata. Maungamo yaliyotolewa gerezani katika kipindi cha mateso makali, yenye habari za udugu wa siri na nchi iliyofichika ya Shambhala, leo yanasimuliwa katika vitabu vya mitaani kana kwamba ni shajara. Barchenko alivutiwa kweli na Shambhala, lakini kiasi gani cha udugu ule kilikuwepo nje ya karatasi za mpelelezi ni suala jingine.

Kuna pia lawama kwamba istilahi za fani hii zimeagizwa kutoka Paris na Amsterdam, ambako kitengo maalumu kilianzishwa mwaka 1999, ilhali akina Roerich, familia ya mchoraji wa Kirusi iliyofuata elimu za siri, walielekeza macho yao Himalaya. Lawama hiyo ni ya kweli, ila inarekebishika kwa mijadala. Kasoro ya ushahidi haitibiki hivyo. Barua na miswada ingesaidia kuyapima majalada, lakini mingi ilitaifishwa au kuchomwa na wenyewe kwa hofu, na pale ambapo jalada ndilo shahidi pekee, mtafiti ana msingi imara wa kuandika historia ya polisi kuliko ya jumuiya waliyoivunja.