Ukikabwa usiku, usimtafute jirani

Mara ya kwanza kukabwa na jinamizi nilikuwa kidato cha tano, bwenini, wiki ya mitihani. Nilifumbua macho nikaona chandarua, nikaona ndoo yangu ya bluu pale mlangoni, nikamsikia mwenzangu wa kitanda cha juu akigeuka. Mkono hauinuki. Ulimi mzito. Na karibu na ile ndoo palikuwa na mtu amesimama. Uso sikuuona, ila nilijua ananijia mimi. Alipofika kifuani, pumzi ikawa ya kuiba. Kisha kidole kimoja cha mguu kikacheza, na yote yakakatika ghafla kama umeme.

Asubuhi nilipewa jibu kabla sijamaliza kusimulia: jinamizi hilo, nani kakutumia? Nilipoenda likizo jina nalo likapatikana. Alikuwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Tangu siku hiyo nikawa nazunguka njia ya mbali nisipite kwake, na shikamoo nikamnyima. Amefariki sijamtaka radhi. Jambo hilo linaniuma kuliko kukabwa kwenyewe.

Nimekuja kuelewa baadaye. Ipo awamu ya usingizi ambayo macho huchezacheza chini ya kope, na ndoto nyingi zilizo wazi huja humo. Watafiti Aserinsky na Kleitman waliieleza mwaka 1953 huko Chicago. Katika awamu hiyo ubongo huilegeza misuli ya mwili, tusije tukarusha ngumi na kukimbia kitandani tukiifuata ndoto. Jinamizi ni kuamka kabla mwili haujafunguliwa. Unakiona chumba chako halisi, na ndoto bado imo ndani yake. Kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imelegea huku wewe unalazimisha kuvuta hewa kwa nguvu, lakini ule msuli mkubwa wa chini ya mapafu haujalala. Hewa inaingia.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba katika watu 100 wa kawaida, karibu 8 wamewahi kukabwa. Kwa wanafunzi ni 28. Niliposoma hivyo nikalikumbuka bweni letu: kukesha, chai ya rangi, kulala saa tisa.

Kumbukeni pia mwaka 1995, hofu ya popobawa, yule shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilipotoka Pemba ikafika Unguja. Sisemi kila kisa kilikuwa jinamizi, lakini mengi yaliyosimuliwa, uzito kifuani, kutaka kupiga kelele sauti isitoke, tunayajua sisi tuliokabwa. Watu walilala nje makundi kwa makundi, wakikesha kwa woga, na mtu aliyekosa usingizi ndiye anayekabwa kwa urahisi zaidi. Hofu ilikuwa inajilisha yenyewe.

Simwambii mtu aache dua. Mimi mwenyewe husoma Ayatul Kursiyu kabla ya kulala, na moyo uliotulia hulala vizuri. Ninachokataa ni kile kidole kinachonyooshewa mzee, na fedha anazolipwa mganga ili amtaje mchawi. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, jambo hili si la mzaha.

Ninalala ubavu, maana kulala chali hulikaribisha jinamizi. Ninajitahidi kulala saa zilezile hata mwisho wa wiki. Likija sipigani nalo, kwani ukipambana nalo woga huzidi. Navuta pumzi polepole, akili yangu yote naipeleka kwenye kidole gumba cha mguu hadi kicheze. Halizidi dakika chache. Ila kama unasinzia hovyo mchana, au magoti yanaisha nguvu ukicheka, nenda kamwone daktari. Huenda ni ugonjwa wa usingizi unaohitaji tiba.

Mwaka jana binti wa dada yangu aliingia chumbani kwangu usiku, anatetemeka. "Mama mdogo, kuna mtu alinikalia kifuani."

Nikamuuliza alilala saa ngapi. Saa nane, alikuwa anasoma. Alilalaje? Chali. Nikamvuta upande wa ukutani, nikamsimulia habari ya ndoo ya bluu tangu mwanzo.

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

Akageuka ubavu, akalala mpaka adhana.