Sukari na kutetemeka: ni damu ya ukoo kweli?

Pasaka tulikuwa nyumbani Tukuyu, shangazi yangu ambaye ana sukari miaka mingi tu kashika kikombe cha chai mkono ukaanza kutetemeka, baba mdogo akadakia "dada, na wewe umeanza ya mzee". Mzee ni babu, yeye ana sukari na mkono unatetemeka. Basi nyumba ikagawanyika. Wazee wanasema ukoo wetu ndo ulivyo, vinakuja pamoja. Vijana wakacheka, eti kongosho na ubongo vinakutana wapi, acheni mambo ya kijijini.

Mi naona wazee wanaonewa. Uingereza walichukua kumbukumbu za hospitali za kuanzia 1999 mpaka 2011, wenye sukari aina ya pili zaidi ya milioni 2, wakawalinganisha na wengine zaidi ya milioni 6 wasio nayo, wakakuta wenye sukari wanapata Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na awe mzito, kwa asilimia 32 zaidi. Na kongosho na ubongo vinakutana kwelikweli, insulini inayotengenezwa na kongosho inafanya kazi hadi kwenye ubongo, na zile seli zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, ambazo zikifa ndo mtu anaanza kuwa mzito na kutetemeka zinaihitaji pia.

Sa hiyo 32 ndo inayovuruga watu. Shangazi akiisikia anajua kati ya wenye sukari 100, 32 watatetemeka, hatalala. Siyo hivyo. Tuseme kwa mfano tu watu 1000 wasio na sukari wanaugua 10, basi kwenye 1000 wenye sukari wataugua kama 13. Watatu wa kuongezeka. Halafu umri nao: waliovuka 75 ongezeko lilikuwa asilimia 18 tu, ila wa miaka 25 hadi 44 ilikuwa karibu mara nne! Inatisha, lakini Parkinson umri huo ni ya nadra sana kwahiyo hata mara nne ya kidogo bado ni kidogo. Bado, kijana anayepata sukari mapema ndo ningemwangalia kwa karibu kuliko shangazi.

Vijana nao wana lao, kwamba sukari na Parkinson siyo kitu kimoja. Dawa ya sukari inayoitwa exenatide ilijaribiwa London kwa wagonjwa 62 wa Parkinson, 2017 ikaleta matumaini makubwa, jaribio kubwa zaidi la 2025 likakuta haisaidii. Na kwenye kurithi hapo wamepatia: 2023 lilionekana badiliko kwenye jeni la GBA1 kwa Wanigeria na Wamarekani weusi linaloongeza hatari ya Parkinson, na jeni hilo halina habari na sukari. Kila ugonjwa una njia yake ya kurithiwa. Halafu ukoo haurithishani damu tu jamani, tunarithishana na shamba. Babu kapulizia viazi miaka na miaka, bomba mgongoni, glavu hana, na viuatilifu kama paraquat vimehusishwa na Parkinson muda mrefu.

Ila kilichoniuma ni ile mikono miwili. Wa shangazi ulitetemeka sababu sukari imeshuka, kameza vidonge vya sukari asubuhi akawa anasubiri wali uive, tukampa soda, robo saa nyingi mkono umetulia, jasho limekauka. Wa babu ni mwingine kabisa. Unatetemeka akiwa ameulaza pajani, gumba linasugua kidole cha shahada kama anasokota tumbaku, akishika mpini wa jembe unatulia. Sisi wote tunaita uzee. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta asilimia 78 ya wenye Parkinson hawajawahi kuambiwa kuwa wanayo.

Babu kila mwezi yupo kliniki ya sukari, anatobolewa kidole anaandikiwa namba kwenye daftari. Kidole chake cha pili, kile kinachosokota, hakuna aliyewahi kumuuliza.